Chumvi ya Maneno

Chumvi ni kitu cha thamani jikoni. Mchuzi uliokosa chumvi hauliki, na mchuzi uliozidi chumvi hauliki vile vile; lakini katika makosa mawili haya la pili ni baya zaidi, kwa kuwa chumvi iliyokosekana huweza kuongezwa mezani, na iliyozidi hakuna awezaye kuitoa. Wazee wetu walilijua jambo hili, na mtu azidishaye maneno wakasema kwamba ametia chumvi. Hawakusema ametia sumu, wala hawakusema ametia mchanga. Walisema ametia chumvi, yaani kitu chema kwa kipimo kibaya.

Nataka kunena juu ya chumvi ya lugha moja tunayofundishwa na kutahiniwa katika shule zetu, nayo ni lugha ya Kiingereza. Chumvi yake ni yale maneno madogo ambayo wanasarufi huyahesabu katika vielezi, yawekwayo mbele ya sifa au kitendo ili kukikuza au kukipunguza: "very", "quite", "rather", "so", "too", "really", "utterly", "absolutely", "awfully", na ndugu zao wengi. Nina ugomvi juu ya maneno haya. Sigombani na maneno yenyewe, wala na watu walioyatumia kwanza. Nagombana na mafundisho yaliyoenea miongoni mwetu kwamba maneno haya yote ni neno moja lililovaa kanzu mbalimbali. Kwamba maana ya kila moja ni "sana". Na kwamba insha iliyoyakusanya kwa wingi ni tajiri kuliko insha iliyoyatumia kwa uchache. Nasema mafundisho haya ni ya uongo, na hasara yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Fungua daftari la insha la mwanafunzi yeyote, utaona mavuno ya mafundisho hayo. Umati wa watu huuita "very enormous", ingawa "enormous" peke yake ni ukubwa uliokwisha kuvuka kawaida. Ajali ya barabarani huiita "very terrible", ajali ya pili "very very terrible", na ajali ya tatu ikitokea hana la kuongeza ila "very" ya tatu. Mama yake akipona maradhi, mwanafunzi huyo huandika kwamba alikuwa "too happy", naye hajui kwamba kwa Mwingereza maneno hayo ni lawama: ni furaha iliyovuka mpaka uliostahili. Mgeni aliyekaribishwa chakula akishukuru kwa kusema kuwa chakula kilikuwa "too sweet", amemwambia mwenyeji wake kwamba sukari ilizidi. Alikusudia kusifu, akatukana. Naye huondoka amefurahi, akidhani ameacha shukrani nyuma yake.

Kosa la "too" lina asili yake, na asili hiyo haimfedheheshi mtu. Neno letu "mno" hubeba mizigo miwili: huonyesha wingi, na huonyesha wingi uliopita kiasi. Tukisema fulani ni mwema mno, hatumlaumu. Tukisema fulani amekula mno, huenda tunamlaumu. Msikilizaji hupambanua kwa mazungumzo yenyewe. Kiingereza kimeutenga mzigo wa pili, kikaupa "too" peke yake. Mwalimu asiyesema haya humwacha mwanafunzi abebe mizigo miwili kwa kamba ya mzigo mmoja, na kamba ikikatika humcheka.

Maneno haya hayakuumbwa kwa siku moja, wala kwa udongo mmoja. Kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Mwingereza aliyetaka kukuza sifa alitumia mara nyingi neno "swithe", lililotokana na nguvu. Leo neno hilo limekufa, na Waingereza wengi hawalijui. Neno "very" lilitoka katika Kifaransa, na maana yake ya kwanza ilikuwa "kweli". Ni ndugu ya "vrai", neno ambalo Wafaransa hulitumia hata leo kwa jambo la kweli. Mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alipomweleza askari mwungwana katika The Canterbury Tales, alilitumia kwa maana hiyo ya ukweli. Baadaye likateleza kidogo kidogo: kilichokuwa chema kwa kweli kikawa chema sana. Alama ya asili yake ingali inaonekana katika maneno "this very day", yaani siku hii hii hasa, si nyingine.

Neno "really" lilifuata njia hiyo hiyo, "truly" likafuata, na mwisho likafuata "literally", ambalo mzizi wake ni herufi, na maana yake ya haki ni "kama ilivyoandikwa, bila mfano wala fumbo". Msomaji na atambue jambo la ajabu lililotokea hapa. Maneno manne yaliyozaliwa ili yashuhudie ukweli yamegeuzwa kuwa vipimo vya ukubwa. Mashahidi wameajiriwa kuwa wapiga ngoma.

Mengine yalitoka mbali zaidi. "Awfully" lilitokana na kicho, ile hofu iliyochanganyika na heshima ambayo binadamu huiona mbele ya Mungu. Leo mtu hulitumia kushukuru kwa kikombe cha chai. "Terribly" lilitokana na kitisho. "Quite" lilitokana na mtu aliyefunguliwa, aliyefutiwa deni lake lote, na kwa hiyo likapata maana ya "kabisa". "Utterly" ni mtoto wa neno lililoonyesha nje, yaani mpaka ukingo wa mwisho. "Rather" lilimaanisha "mapema zaidi", na ndiyo maana hata leo mtu apendaye jambo moja kuliko jingine husema "I would rather": hili lingemjia mapema kuliko lile. Hata Wajerumani, ambao lugha yao ni jamaa ya Kiingereza, wana neno "sehr" kwa maana ya "sana", nalo asili yake ni maumivu, ndugu wa "sore" ya Kiingereza.

Basi nauliza: maneno yaliyotoka katika ukweli, kicho, kitisho, deni, ukingo, mapema na maumivu yatakuwaje neno moja? Ndugu kumi walioingia katika nyumba moja hawakuwa mtu mmoja kwa sababu ya kuingia mlango mmoja.

Ni kweli kwamba maneno haya huchakaa, kama sarafu ichakaavyo mikononi mwa wengi mpaka sura iliyochorwa juu yake isionekane. Waingereza wenyewe wamelalamika juu ya uchakavu huo tangu zamani. Mwaka 1754 Lord Chesterfield aliandika katika gazeti lililoitwa The World, akiwadhihaki watu wa mitindo wa siku zake waliokuwa wakilitumia neno "vastly" kwa kila kitu. Neno hilo ni la upana mkubwa, kama upana wa bahari au jangwa. Yeye alitoa mfano wa bibi mmoja aliyekisifu kikasha kidogo cha dhahabu cha kutilia ugoro, akakisifu uzuri kwa neno hilo, na sababu ya uzuri wake ikawa ni udogo, nao akautaja kwa neno hilo hilo. Kikasha kikawa kidogo kwa upana wa bahari! Watu walicheka, na neno likaendelea kuchakaa, na leo halitumiwi tena kwa mtindo ule.

Turudi sasa kwenye vipimo vyenyewe, maana ugomvi usio na hoja ni kelele. Mwaka 1985 wanasarufi wanne, Randolph Quirk, Sidney Greenbaum, Geoffrey Leech na Jan Svartvik, walitoa kitabu kikubwa cha sarufi ya Kiingereza, na ndani yake wakayapanga maneno haya kwa daraja. Yako yanayopandisha na yako yanayoshusha. Katika yanayopandisha, yako yafikayo kilele, kama "absolutely", "completely" na "utterly". Na yako yanayopanda bila kufika kilele, kama "very" na "greatly". Katika yanayoshusha, yako yanayokaribia bila kufika, kama "almost". Yako yanayokaa katikati, kama "rather". Na yako yanayopunguza mpaka kidogo, kama "slightly". Hii ni ngazi yenye vidato. Mtu asiyejua amesimama kidato gani hana budi kuanguka.

Sifa zenyewe nazo ni za namna mbili. Ziko sifa zenye ngazi, kama baridi, urefu na uchovu: kitu huweza kuwa baridi kidogo, baridi kiasi, au baridi sana. Na ziko sifa zisizo na ngazi, kama kufa, kutowezekana na kuwa wa pekee. "Very" hupanda ngazi, kwa hiyo hufaa kwa baridi na haifai kwa kifo. "Absolutely" husimama kileleni, kwa hiyo hufaa kwa jambo lisilowezekana na huchekesha ikiwekwa mbele ya urefu wa kawaida. Mwanafunzi anayeandika "very dead" amejenga ngazi mahali pasipokuwa na ghorofa.

Tena kila neno lina marafiki zake. Greenbaum, yule niliyemtaja, alichapisha mwaka 1970 matokeo ya majaribio yake: aliwapa wasemaji wa Kiingereza mwanzo wa sentensi wenye kielezi, akawataka waimalize. Waliopewa "badly" waliendelea kwa kuhitaji na kutaka. Waliopewa "entirely" waliendelea kwa kukubaliana. "Greatly" ikawapeleka kwenye kustahi na kupendezwa. Hakuna aliyewafundisha shuleni. Masikio yao yalijua. Na mwaka 1993 Bill Louw, mwanachuoni wa Chuo Kikuu cha Zimbabwe, aliyachunguza maandishi mengi yaliyowekwa katika kompyuta, akaonyesha kwamba "utterly" huandamana zaidi na mambo mabaya: maangamizi, upuuzi, uchovu na kadhalika. Mtu akilitumia kwa jambo jema, msikilizaji hushtuka na kutafuta kejeli iliyofichwa. Mwafrika mwenzetu ndiye aliyewaonyesha ulimwengu kivuli kinacholifuata neno hilo, na sisi hapa tungali tunawaambia watoto kwamba maana yake ni "sana".

Angalia pia "fairly" na "rather". Yote mawili hukaa katikati ya ngazi, lakini moyo wake si mmoja. Mtu akisema chai ni "fairly hot", aghalabu ameridhika nayo. Akisema ni "rather hot", huenda imemchoma ulimi. Na hakuna neno lenye sura mbili kama "quite". Mbele ya sifa isiyo na ngazi lina maana ya "kabisa": "quite impossible" ni jambo lisilowezekana kabisa. Mbele ya sifa yenye ngazi, katika kinywa cha Mwingereza, aghalabu lina maana ya "kiasi": "quite good" ni nzuri kiasi, si mbaya, haimchangamshi mtu. Na Mmarekani akilisikia, mara nyingi hulipokea kwa uzito zaidi, kama nzuri sana.

Huenda msomaji akasema, "Haya ni mambo ya wenye nafasi. Nani atakufa kwa sababu ya kielezi?" Ngoja nikujibu kwa mifano.

Mfano wa kwanza ni kijana anayetafuta kazi. Anamwendea aliyemtumikia zamani, anaombewa barua, na barua inasema kuwa kazi yake ilikuwa "quite satisfactory". Kijana huifasiri kwa "sana", akaikunja kwa furaha, akaipeleka kila mahali. Kila aisomaye kwa masikio ya Uingereza huona kwamba aliyeiandika alimsifu kwa ncha ya kidole. Kijana huyo anabisha milango mwaka mzima akiwa amebeba mkononi mwake mashtaka yake mwenyewe, naye anayaita sifa.

Mfano wa pili ni wa vita. Mwezi wa Aprili 1951, katika vita vya Korea, kikosi cha Kiingereza cha Gloucestershire kilizungukwa na majeshi ya Kichina karibu na mto Imjin. Imesimuliwa mara nyingi kwamba Brigedia Brodie, mkuu wa brigedi ya Waingereza, alipoulizwa na jemadari wa Kimarekani juu ya hali ya mambo, alijibu kwamba mambo yalikuwa "a bit sticky", yaani yananata kidogo. Katika masikio ya afisa wa Kiingereza, "kidogo" hiyo ilikuwa kilio: hali ni ya hatari kubwa. Katika masikio ya Mmarekani ilikuwa kidogo tu, kama ilivyotamkwa. Kikosi kiliendelea kushika kilima chake, na mwisho sehemu kubwa ya askari wake waliuawa au walitekwa. Sisemi kwamba maneno yale peke yake yaliwaangamiza. Vita vina sababu nyingi, na chache tu ni za sarufi. Nasema kwamba watu wawili wenye lugha moja, wenye adui mmoja, walipimana kwa vibaba viwili tofauti wakati ambapo kosa la kipimo lilikuwa ni kosa la roho za watu.

Mfano wa tatu uko kwetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na imevifanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Hukumu za mahakama zetu za juu huandikwa kwa Kiingereza. Barua za serikali, ripoti za hospitali na mikataba ya kazi aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Shahidi aliyezoea kusema kwamba kila gari lilikuwa "very very fast" atafanya nini siku ambayo mwendo wa gari ndio kesi yenyewe? Mgonjwa ambaye kila maumivu yake ni "terrible", siku ya maumivu ya kufisha atayaitaje? Amekwisha kulitumia neno lake la mwisho katika mafua.

Sasa niwajibu wapinzani wangu, nao ni watatu.

Wa kwanza anasema, "Lugha hubadilika. Wanaosema Kiingereza tangu utotoni wanayabadilisha maneno haya kila siku. Kwa nini sisi tuyaogope?" Ni kweli kwamba hubadilika. Uchunguzi wa Rika Ito na Sali Tagliamonte uliotolewa mwaka 2003 juu ya mji wa York, Uingereza, ulionyesha kwamba wazee walishikamana na "very" na vijana walielekea "really". Tagliamonte na Chris Roberts walipoichunguza tamthilia ya televisheni ya Kimarekani iitwayo Friends, iliyoonyeshwa toka 1994 mpaka 2004, waliona kuwa "so" imeyapita yote. Hata "literally" isiyo ya herufi si uzushi wa vijana wa leo. Kamusi kubwa ya Oxford inayo mifano yake toka karne ya 18. Lakini mabadiliko haya yanathibitisha neno langu, hayalipingi. Maneno hubadilishwa kwa sababu yamechakaa, na yamechakaa kwa sababu yalitumiwa ovyo. Anayeniambia kwamba sarafu zote huchakaa hakunipa ruhusa ya kuzisugua kwenye jiwe.

Wa pili amesimama upande wa pili kabisa. Yeye anasema, "Maneno haya yote yafutwe. Mwandishi mzuri hayahitaji." Hoja hii ina wakubwa wake. E. B. White, alipokitengeneza upya mwaka 1959 kitabu cha mwalimu wake William Strunk kiitwacho The Elements of Style, aliyafananisha maneno kama haya na ruba wanyonyao damu ya maandishi. Namheshimu, na mara nyingi ushauri wake ni mwema. Lakini mtu aliyeugua kwa chumvi kuzidi hatibiwi kwa kuivunja chupa ya chumvi. Kusema kwamba mgonjwa "is rather weak" si sawa na kusema kwamba "is weak". Neno dogo limebeba kipimo, na daktari anakihitaji kipimo hicho. Asemaye kila kitu bila kiasi hudanganya kama asemaye kila kitu kwa kupita kiasi.

Wa tatu ndiye mwenye hoja ya nguvu. Anasema, "Kiingereza sasa ni chetu pia. Kwa nini tupimwe kwa masikio ya London? Kama 'too happy' kwetu ni furaha kubwa, basi na iwe furaha kubwa." Siwezi kumdharau mtu huyu, maana anasema kwa kujiheshimu, na kujiheshimu ni jambo jema. Wala sina chuki na Kiingereza chenye rangi ya Kenya. Kila nchi iliyopokea lugha hiyo imeitia rangi yake. Lakini kipimo si rangi. Duka mbili zaweza kupakwa rangi mbili. Pishi yao sharti iwe moja, au soko litavunjika. Wenye kununua kwetu na wenye kutuuzia, waamuzi wetu, waganga wetu na waajiri wetu, wote hupima kwa maneno haya. Zaidi ya hayo, kijana aandikaye "too happy" hakuchagua kipimo cha Kenya baada ya kukikataa cha London. Hakujua kwamba kuna viwili. Uhuru wa kuchagua haumo ndani ya ujinga. Anayejua njia mbili ndiye aliye huru kufuata mojawapo.

Na tusisingizie kwamba usahihi wa vipimo ni desturi ya wageni. Lugha yetu wenyewe ni kali katika jambo hili kuliko Kiingereza. Giza letu huwa totoro. Mtu hulala fofofo. Nguo hulowa chapachapa. Kitu cheupe huwa cheupe pe, na cheusi huwa cheusi ti. Chombo hujaa pomoni, kimya huwa jii, na mkaidi hukataa katakata. Kila jambo limepewa mwenzi wake, na ndoa hizi hazivunjiki. Hakuna Mswahili asemaye kwamba nguo imelowa totoro, au kwamba amelala chapachapa. Mtoto mdogo angemcheka. Vile vile tunajua kupambanua "sana" na "kabisa". Twasema fulani amechoka sana, na twasema fulani amekufa kabisa. Lakini asemaye kwamba fulani amekufa sana, hata katika matanga watu watazuia kicheko. Yule mwanafunzi wa "very dead" anaijua kanuni hii tangu alipoanza kunena. Aliibeba mpaka mlangoni mwa darasa, na hapo akaambiwa aiache nje pamoja na viatu vyenye tope.

Hiyo ndiyo dhuluma ninayoilaumu. Mafundisho ya "sana" hayakumfanya mtoto kuwa maskini wa Kiingereza tu. Yamemfundisha kwamba akili yake ya lugha ya nyumbani haina kazi katika lugha ya shuleni. Mwalimu ambaye angesema, "Kumbuka totoro na fofofo; basi 'utterly' nayo ina mwenzi wake," angemaliza kwa dakika moja kazi ambayo orodha za maneno hazikuimaliza kwa mwaka.

Limebaki neno moja, nalo ni juu ya tabia. Jane Austen, mwandishi wa Uingereza aliyefariki mwaka 1817, alimchora katika riwaya yake Northanger Abbey msichana aitwaye Isabella Thorpe. Isabella hupenda kila kitu kwa kupita kiasi. Mapenzi yake ni makubwa kuliko ya watu wote, na furaha yake haina mfano. Mwisho wa hadithi ataonekana kuwa rafiki wa uongo na mchumba asiye mwaminifu. Mwandishi hakuhitaji kutuonya mapema. Alimwacha Isabella aseme, na vielezi vyake vikamshtaki. Sisi nasi tuna methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sifa iliyo kweli haihitaji matarumbeta mengi, na debe tupu haliachi kuvuma.

Basi, kijana usomaye kurasa hizi, kila kalamu yako inapotaka kuandika "very", izuie kidogo ujiulize. Je, sifa hii ina ngazi, au haina? Ikiwa inayo, jambo hili limesimama kidato gani kwa hakika? Na neno hili nilichukualo ni mwenzi wa sifa hii, au nimeliokota njiani? Ukijibu maswali haya utaona kwamba mara nyingi kalamu itapita bila kuandika kitu, na mara chache itaandika neno moja, nalo litakuwa na uzito wake. Siku utakapohitaji kusema kwamba jambo ni kubwa kweli, neno lako litakuwa halijachakaa, na watu watakuamini.

Chumvi iko mkononi mwako. Wanaokula ni wengine.